Kibao cha Zakaria

Masomo: Luka 1:57-66, Marko 7:31-37, Matendo 2:1-12



Jumapili mbili zilizopita nilihubiri kutoka Matendo 2, na kuna swali nililiacha katikati kwa sababu muda ulikuwa umeisha na Pasta Mkuu alikuwa ameanza kuangalia saa yake. Niliahidi nitaliandika hapa. Swali ni hili: kama jirani yako hasikii, na kuna kifaa kinachoweza kumpelekea maneno yako, je, ukikinunua hicho kifaa umemaliza deni lako kwake?

Siulizi kama mtu aliyesimama pembeni. Mimi ndiye niliyepiga hesabu.

Wengi wenu mnamjua yule dada anayekaa safu ya tatu upande wa dirisha. Ni kiziwi tangu utotoni. Amenipa ruhusa niandike habari zake bila kutaja jina, na alisoma makala haya kabla hayajaenda kuchapishwa. Alinisahihisha mahali pawili, na mtaona ni wapi.

Alipoanza kuja kwetu mwaka jana, kamati ya fedha ilikaa kuzungumza tufanye nini. Si mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, kwa hivyo swali likiwa la pesa wazee huniangalia mimi. Nikachukua karatasi. Upande mmoja, mkalimani wa lugha ya ishara: shilingi 3,000 kila Jumapili, zidisha mara 52, ni 156,000 kwa mwaka, na hapo hujaweka kesha, harusi wala mazishi. Upande wa pili, tableti ya shilingi 35,000, unalipa mara moja tu, na programu inayosikiliza mhubiri na kuandika maneno yake kwa skrini. Hata mtoto wa darasa la nne angejua la kuchagua. Nikapendekeza tableti, kamati ikasema amina, na kusema kweli niliondoka kwa ule mkutano nikijisikia vizuri sana.

Ile programu haikuwa mbaya. Pasta akihubiri Kiswahili polepole, iliandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Akiingia Kikuyu katikati ya sentensi, vile mnavyomjua, ilibabaika. Maombi yakipanda na watu wakaanza kunena kwa lugha, iliandika vitu ambavyo siwezi kuvichapisha hapa. Siku moja iliandika habari za bei ya nyanya. Tulicheka, na yeye alicheka.

Shida ilikuja mahali ambapo hatukuwa tumepaangalia. Kijana wa mitambo alikuwa anawasha tableti mahubiri yakianza na kuizima yakiisha. Hakuna mtu alikaa chini akaamua hivyo. Ilitokea tu, kwa sababu kwa mawazo yetu kitu cha maana kinachosemwa kanisani ni mahubiri. Basi Jumapili moja, wakati wa matangazo, mzee akasimama akatuambia kwamba mama yetu mmoja wa ushirika wa nyumbani alikuwa amelala usiku wa kuamkia siku hiyo. Kanisa lote lililia. Huyu dada aliona watu wanalia. Akamgeukia jirani yake, na jirani akampapasa bega, basi. Akaangalia tableti. Ilikuwa imezimwa.

Alinitumia ujumbe wa simu mchana huo: "Nimeona mnalia. Ni nani?" Mimi nilikuwa nakimbizana na mambo ya mochari na familia, na ule ujumbe niliusoma Jumanne asubuhi. Marehemu alikuwa mama mboga wake. Alikuwa pia mtu pekee katika kanisa hili ambaye alikuwa amejifunza kumsalimu kwa mikono. Jioni ya Jumapili na jioni ya Jumatatu tulikuwa tumekutana kwa ile nyumba kuomba na kupanga mazishi, na huyu dada anaishi kama mita mia mbili kutoka hapo. Hakujua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ile tableti ilikosea wapi. Jibu langu ni kwamba haikukosea. Ilifanya kazi tuliyoinunulia. Ilimpelekea yale sisi tulitaka ayajue, kwa saa ambayo sisi tulitaka ayajue. Hatukumpa njia ya kuuliza.

Sasa tufungue Luka 1. Zakaria anajulikana kama kuhani aliyefungwa ulimi kwa sababu hakuamini maneno ya malaika. Lakini soma vizuri mstari wa 62. Siku ya kumpa mtoto jina, ndugu na majirani wanamwuliza Zakaria kwa ishara. Kwa nini umfanyie ishara mtu anayesikia? Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaona hapo kwamba masikio yake pia yalikuwa yamefungwa. Kwa hivyo tuna kuhani ambaye kwa miezi ile yote hakusema, na pengine hakusikia, na tuna majirani ambao walikuwa wamezoea kutumia mikono wakiongea naye. Halafu mstari wa 63, Zakaria anaomba kibao cha kuandikia.

Wapendwa, kibao ni kifaa. Kilikuwa ndiyo tableti ya wakati ule. Biblia haina ugomvi na vifaa, na mimi pia sina. Lakini angalia ni nani anayekiomba. Ni Zakaria mwenyewe. Na angalia anachoandika juu yake: kitu ambacho ule umati haukutaka kukisikia. Wao walikuwa wameshaamua mtoto ataitwa Zakaria kama baba yake. Wale wetu wa Kikuyu mnaielewa hiyo fujo kabisa, kwa sababu mtoto wetu wa kwanza wa kiume ana jina lake hata kabla hajazaliwa, na ukibadilisha utaitiwa wazee. Elisabeti alikuwa amesema jina ni Yohana, wakampuuza. Kisha mtu asiyesema anachukua kibao na kuandika jina lile lile, na mjadala unaisha.

Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukitumie. Kifaa kiko mkononi mwa nani, na kinabeba maneno ya nani?

Chukua simu. Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya kumiliki uvumbuzi wa simu mwaka wa 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi. Huwezi kusema alikuwa mtu asiyejali. Lakini Bell aliamini kwamba kiziwi anapaswa kusoma midomo na kujifunza kutamka, aache ishara, afanane na sisi. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha kwamba kutamka ndiyo njia bora kuliko ishara. Shule nyingi duniani zikafuata, na hapa Kenya pia watoto wengi walifundishwa kwa miaka mingi kukodolea macho mdomo wa mwalimu. Na ile simu? Kadiri kazi za ofisi na biashara zilivyohamia kwa simu, ndivyo kiziwi alivyofungiwa nje. Miaka karibu tisini ilipita kabla ya Robert Weitbrecht, mwanafizikia Mmarekani ambaye yeye mwenyewe alikuwa kiziwi, kupata njia mwaka wa 1964 ya kuunganisha mashine za kuchapa kupitia laini ya simu ili viziwi waandikiane. Upendo wa Bell ulikuwa wa kweli, sina shaka. Lakini hakuwauliza.

Linganisha na SMS. Waliotengeneza ujumbe mfupi wa simu hawakuwa wamekaa chini kufikiria viziwi. Lakini kilikuwa kitu kinachokaa kwa mfuko wako, unaanza mazungumzo wewe, saa unayotaka, na unayemwandikia. Safaricom walipoleta M-Pesa mwezi wa Machi 2007, fundi viatu kiziwi aliweza kulipwa bila mtu kumpigia kelele. Anaonyesha namba, ujumbe unaingia kwa simu zote mbili, pesa ni zile zile, hakuna ubishi. Halafu zikaja simu za video. Kaa kwa matatu ya Thika Road jioni, siku moja utaona kijana ameegemeza simu kwa goti anaongea kwa mikono yote miwili na mtu aliye mbali. Anacheka peke yake kama sisi sote tukiongea na marafiki.

Wakenya wenzetu pia wametengeneza vitu. Kijana mmoja mhandisi, Roy Allela, alikuwa na mpwa wake mdogo aliyezaliwa bila kusikia, na katika familia hakuna aliyejua lugha ya ishara. Akatengeneza glavu alizoziita Sign-IO. Kila kidole kina kipande kinachohisi kikikunjwa, glavu inatuma habari kwa simu, na simu inatoa sauti. Alizipeleka zijaribiwe katika shule moja ya watoto wenye mahitaji maalum kule Migori, na jambo alilojifunza kwa watoto ni kwamba mwendo unatofautiana, kuna anayeenda pole na kuna anayekimbia, kwa hivyo kifaa lazima kimfuate mtoto.

Nilipenda sana hiyo habari ya mjomba na mpwa. Lakini viziwi katika nchi mbalimbali wamesema jambo juu ya glavu za aina hii, na lina uzito. Kwanza, katika lugha za ishara uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda au zikishuka, kauli inageuka kuwa swali, na glavu haina macho ya kuona nyusi. Pili, na hili ndilo lilinichoma: anayevaa glavu ni mtoto. Mimi sivai kitu. Mimi nakaa vile nilivyo, na yeye ndiye anayebeba mashine ili nimwelewe.

Mwaka wa 2025 Mkenya mwingine, Elly Savatia, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, pamoja na paundi 50,000. Programu yake, Terp 360, inaelekea upande mwingine. Inachukua maneno ya kusemwa na kuyageuza kuwa ishara zinazofanywa na mtu aliyechorwa kwa kompyuta. Nilipoisoma ndipo nilielewa kosa jingine katika karatasi yangu ya hesabu. Nilidhani maandishi ni maandishi, kila mtu anasoma. Lakini kwa viziwi wengi Kiswahili na Kiingereza ni lugha za pili au za tatu, walizofundishwa bila kuzisikia hata siku moja. Lugha ya Ishara ya Kenya ina mpangilio wake wa maneno, si Kiswahili cha mikono. Dakika hamsini za kusoma mahubiri yanayokimbia kwa skrini ni kama mimi niwekwe kusoma Kijerumani kila Jumapili halafu niulizwe kama nimebarikiwa.

Katika maandishi yangu ya kwanza, kutoka hapa nilikuwa nimeandika aya moja kali kidogo, kwamba mashine ni njia ya mtu mvivu ya kupenda. Nilikuwa najivunia hiyo aya. Hapo ndipo dada aliponisahihisha mara ya kwanza. Aliniandikia: "Usiseme tableti ni mbaya. Ninaitaka. Lakini ikae kwangu."

Halafu akanieleza kitu ambacho amekubali nikiweke hapa. Kwa miaka kadhaa aliyekuwa akimkalimania kwa daktari ni mtoto wake, akiwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa ndiye alimwambia mama yake kile daktari aliona kwa tumbo lake. Mtoto ndiye alimwuliza mama maswali ambayo daktari humwuliza mwanamke. Siku aliyoweza kumpa daktari simu aongee ndani yake, na yeye akasoma mwenyewe, alimwacha mtoto nje kwa benchi na biskuti. Kwake hiyo ilikuwa siku ya uhuru.

Kwa hivyo nimeifuta ile aya. Kuna mahali ambapo mashine ni bora kuliko binadamu, na ni pale ambapo siri ni yako. Hata mkalimani mzuri ni mtu wa tatu ndani ya chumba. Fikiria unakuja ofisini kwangu kutubu, na kati yetu ameketi jirani yako. Tena mashine iko saa nane za usiku ukiwa na mtoto mwenye homa, na mkalimani wetu wa 3,000 amelala kwake. Mtu asituambie kwamba teknolojia inaondoa utu. Wakati mwingine inaurudisha.

Bado swali langu la mwanzo halijajibiwa. Ni kweli kifaa ni chema. Lakini je, kinamaliza deni?

Sisi ni kanisa la Kipentekoste, na mambo yetu yote yanaanzia Matendo 2. Yerusalemu siku ile ilikuwa na watu kutoka kila upande, Waparthi, Wamisri, Waarabu, na kila mmoja ana lugha ya mama yake. Roho aliposhuka, ni nani aliyebadilishwa? Ukisoma mstari wa 4, walioguswa ndimi ni wale wa chumba cha juu. Wenyeji wa kanisa ndio walianza kusema lugha za wageni. Mungu angeweza kufanya kinyume, awafundishe Waparthi wote Kigalilaya kwa dakika moja, na ingekuwa muujiza pia. Hakufanya hivyo. Mzigo wa lugha aliuweka kwa wale walio na ujumbe.

Sisi tunapenda kunena kwa lugha, na siku moja nilijiuliza nikiwa nimepiga magoti: nikipewa lugha ya malaika nitafurahi sana, lakini hii ya dada wa safu ya tatu, inayofundishwa kwa miezi michache, mbona sijawahi kuiomba?

Najua kuna ndugu watasema Pasta, huyu dada anahitaji kuombewa apone, mambo ya ishara ni kukosa imani. Hebu tuongee wazi. Ninaamini uponyaji. Nimeuona kanisani humu. Lakini soma Marko 7. Yesu analetewa kiziwi, na kitu cha kwanza anamtoa kwa umati, wanaenda pembeni. Kisha anatia vidole masikioni mwake, anamgusa ulimi, anainua macho mbinguni, anaugua. Kila moja ya hizo ni kitu ambacho kiziwi anaweza kukiona au kukihisi kwa mwili. Kabla ya kusema Efatha, kabla masikio hayajafunguka, Yesu alikuwa ameshaongea naye kwa njia ambayo yule mtu anaielewa. Alijua ni nini kinafanyika na ni nani anamfanyia.

Sisi je? Dada huyu ameitwa mbele mara tatu na wahubiri wageni. Mara tatu watu wasiomjua wametia vidole masikioni mwake mbele ya umati na kupaza sauti asizozisikia, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia kwanza kumwuliza kama anataka. Mara ya kwanza alidhani amekosea mahali pa kukaa. Alirudi Jumapili iliyofuata, na mimi naihesabu hiyo kuwa imani kubwa kuliko ya waliomwombea.

Na hapo ndipo aliponisahihisha mara ya pili. Nilikuwa nimeandika "dada yetu anayeteseka na uziwi." Akayakata hayo maneno, akaandika juu yake: "Nateseka na matangazo."

Kuna andiko jingine limetumiwa vibaya, Warumi 10:17, kwamba imani huja kwa kusikia. Zamani kuna walioamua kutokana nalo kwamba asiyesikia hawezi kuamini. Rudi nyuma mistari mitatu uone Paulo anahangaika na nini. Anahangaika na mjumbe: watu wataaminije kama hakuna aliyetumwa? Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa mtoto, alijiona ametumwa. Alihitimu Chuo cha Gallaudet mwaka wa 1954, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka wa 1957 akafungua shule ya viziwi Ghana. Hadi alipokufa kwa ajali ya ndege kule Rwanda mwezi wa Disemba 1987, alikuwa ameanzisha zaidi ya shule thelathini katika Afrika, pamoja na makanisa. Hakuwa na kifaa chochote cha ajabu. Alikuwa na mikono, ubao na injili. Leo kuna viziwi Wakristo, wengine wakiwa hapa Nairobi na shirika la DOOR International, wanaotafsiri maandiko kwa lugha za ishara kwa njia ya video, na unaweza kuyaona kwa simu yako. Hapo kifaa na mjumbe wamepatana, kwa sababu walio mbele na nyuma ya kamera ni wenye lugha.

Serikali imetutangulia, na hili linaniaibisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataka Lugha ya Ishara ya Kenya ikuzwe, na kifungu cha 120 kinaifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Kambui, upande wa Githunguri, si mbali na sisi, kuna shule ya viziwi. Wanaohitimu huko hawapotei hewani. Wanapanga nyumba Gatongora, Kwihota na Membley, wanafanya kazi ya ujenzi, saluni, ushonaji. Jumapili asubuhi wako mahali.

Nirudi kwa ile karatasi yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba gharama usiyoiandika kwa kitabu haijatoweka, kuna mtu mwingine anailipa. Niliandika 156,000 upande mmoja na 35,000 upande wa pili, nikaona tumeokoa 121,000. Sikuandika kwamba dada mmoja anakaa saa tatu kila Jumapili akisoma migongo ya watu. Sikuandika ule ujumbe uliokaa kwa simu yangu kutoka Jumapili hadi Jumanne. Zile 121,000 tulizookoa, yeye ndiye alikuwa anazilipa.

Lakini pia sitaki kuwadanganya kwamba hesabu imekuwa rahisi. Mabati ya upande wa watoto yanavuja. Ada za mayatima watatu ziko mezani. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa upole, "Pasta, laki moja na nusu kwa mtu mmoja?" Sikumdharau, kwa sababu ni swali la mtu mwaminifu kwa pesa za Mungu. Nilimjibu kwamba hatujui kama ni mmoja. Nani angemleta rafiki yake kiziwi hapa, akae naye wasome migongo wawili? Halafu nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe siku hizi husema amina sekunde tatu baada ya wengine, na mke wake ndiye humrudia matangazo nyumbani. Alicheka sana. Lakini alinyamaza baadaye, na sijui atapiga kura gani.

Mpaka hapo tumekubaliana haya. Tableti tumempa dada iwe yake, na bando tutamwekea. Ni yeye atakayeamua iwashwe lini na iwekwe mbele ya nani, hata nje ya kanisa. Kila tangazo la msiba, la ugonjwa na la mkutano litatumwa kwa maandishi kabla ibada haijaisha, na hiyo itawasaidia pia wazee wetu na wale wanaochelewa, mnajijua. Suala la mkalimani litaletwa mbele ya kanisa lote mwisho wa mwezi, na mimi nitaliunga mkono. Wewe ukiwa unapinga, njoo upinge, tutaongea.

Na kuna darasa la Lugha ya Ishara kila Jumamosi saa tisa alasiri, kwa chumba cha Shule ya Jumapili. Wahudumu wa mlangoni na viongozi wa ushirika wa nyumbani naomba wawe wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu ni dada mwenyewe. Amesema simu zikae kwa begi, na mtu asiulize kila mara ishara ya neno fulani ni gani kabla hajajua kusalimu. Mimi nimehudhuria mara mbili. Ishara yangu ya "karibu" bado anaishika na kuikunja upya kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu.

Ada ni shilingi 200 kwa kila mtu kwa kila somo, na analipwa yeye, kwa M-Pesa. Nilijaribu kumwomba bei ya kanisa. Alikataa.